Vipimo vya Nyongeza: Damu ya Asubuhi Inaweza Kujibu Nini Jioni?

Katika maabara ya hospitali ninamofanya kazi hapa Lubumbashi, maombi yanayochosha zaidi hayafiki asubuhi pamoja na tyubu na karatasi zake. Hufika baadaye, wakati damu imekwisha kupimwa na majibu yamekwisha kurudi wodini. Daktari ameyasoma, ameona hemoglobini iko chini kuliko alivyotarajia, au figo zinamtia shaka, na sasa anataka kipimo kingine kifanywe kwenye damu ileile bila mgonjwa kuchomwa tena. Hivyo ndivyo vipimo vya nyongeza. Nimeyapokea maombi yake kwa simu, kwa karatasi, kwa kusimamishwa ukumbini, na mara nyingi kupitia kwa mama wa mgonjwa anayekuja dirishani na karatasi ya asubuhi ambayo sasa ina mstari mmoja zaidi, ulioandikwa kwa kalamu ya rangi nyingine.

Maombi hayo siyapingi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na uzito wa kilo moja na nusu ana takriban mililita 120 hadi 150 za damu katika mwili wake wote, na kila mililita tunayoiomba tena inahesabika. Mgonjwa wa nje huenda amekwisha kupanda gari kurudi Kipushi au Kasumbalesa, na kumwita tena ni kumtoza nauli nyingine. Wapo pia wagonjwa ambao mishipa yao imechomwa hadi muuguzi anatafuta mahali pa kuchoma mguuni. Ikiwa tyubu iliyobaki kwenye jokofu inaweza kutoa jibu la kweli, kumchoma mtu wa namna hiyo ni ukatili usio na sababu. Kazi yote iko katika neno hilo, "la kweli", kwa sababu mashine itatoa namba hata kwa damu isiyofaa, na namba hiyo itachapishwa kwa wino uleule na kwa unadhifu uleule kama nyingine zote.

Kwa muda mrefu uamuzi wa kukubali au kukataa ulikuwa mikononi mwa mtu wa zamu. Mmoja alikubali kila kitu kwa kuwa hakutaka kugombana na daktari. Mwingine alikataa kila kitu baada ya saa nane mchana kwa kuwa alikuwa amekwisha kuosha mashine. Matokeo yake yalikuwa yale ambayo mtu yeyote angeyatabiri: madaktari walijifunza zamu za watu badala ya kujifunza sheria za sampuli, na ombi lililokataliwa jioni lilirudi usiku, likakubaliwa, wakati damu imezidi kuharibika. Tulipoamua kuweka utaratibu, jambo la kwanza tulilokubaliana ni kwamba ubishi ufanyike mara moja tu, mchana, mezani, pamoja na madaktari, na matokeo yake yaandikwe kwenye jedwali litakalobandikwa karibu na simu. Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba, ISO 15189, katika toleo lake la mwaka 2022, kinadai jambo hilohilo: maabara iwe imeandika ukomo wa muda wa kuomba vipimo vya ziada kwenye sampuli ileile. Saa zenyewe hakikupi; kinakutaka uziweke mwenyewe, kwa kipimo na kwa mazingira yako, na kwa maoni yangu hapo ndipo kilipofanya busara.

Mstari wa kwanza wa jedwali letu hauhusu saa, unahusu tyubu. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau, tunayoitumia kuhesabu chembe za damu, ina chumvi ya EDTA ambayo huzuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu, na chumvi yenyewe imetengenezwa kwa potasiamu. Mtu akiomba potasiamu ipimwe kwenye tyubu hiyo, tutakuwa tumeipima dawa iliyotiwa kiwandani. Kalsiamu itaonekana kama imetoweka, na kimeng'enya cha fosfatasi alkalini kitaonekana kimeshuka kwa kuwa kimenyang'anywa madini kinayoyahitaji ili kifanye kazi. Ya buluu ina sitrati, na pia imezimuliwa: sehemu moja ya dawa kwa tisa za damu. Ya kijivu ina floridi, na mara nyingi oksalati ya potasiamu pamoja nayo, nayo ni nzuri kwa sukari lakini mbaya kwa chumvi za damu.

Hayo yote yamo katika masomo ya mwaka wa kwanza. Lisilofundishwa sana ni kwamba tyubu haimsemi aliyeihamisha damu. Muuguzi mwenye huruma, akiona tyubu nyekundu, ile isiyotiwa dawa ya kuzuia mgando, haijajaa, anaweza kuiongezea kutoka kwenye ya zambarau ili mtoto asichomwe tena, kisha akatuletea nyekundu inayoonekana halali kabisa. Dalili yake ni potasiamu iliyo juu mno pamoja na kalsiamu iliyo chini mno kwa mgonjwa aliyeketi kitandani anakunywa chai. Tangu tulipoanza kuyatazama majibu hayo mawili kwa pamoja, hatuikubali potasiamu ya nyongeza iliyo juu sana mpaka kalsiamu ya seramu ileile, yaani majimaji ya njano yanayobaki damu ikiganda, nayo imesomwa.

Kisha huja muda, na hapa hali ya hewa ya Lubumbashi ina sauti yake. Chembe za damu ndani ya tyubu ziko hai na zinaendelea kula. Sukari katika damu ambayo haijatenganishwa hupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa katika joto la kawaida la chumba, na hupungua haraka zaidi kukiwa na joto au chembe nyeupe zikiwa nyingi. Mgonjwa aliyekuwa na miligramu 90 kwa desilita asubuhi anaweza kusomeka karibu na 70 baada ya saa nne, bila yeye mwenyewe kubadilika hata kidogo. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijashika, chumba chetu cha mapokezi hupata joto kiasi kwamba sipendi hata kuutamka muda wa saa mbili. Mwezi wa Juni na Julai hatari hugeuka upande wa pili. Usiku huwa wa baridi kali, na mtu anayefikiri kwamba baridi huhifadhi kila kitu huiweka tyubu nzima kwenye jokofu kabla ya kuizungusha kwenye mashine inayotenganisha seramu na chembe. Katika baridi, ile pampu inayoirudisha potasiamu ndani ya chembe hulegea, na potasiamu huvujia kwenye seramu taratibu. Seramu hubaki njano safi, haina wekundu wa chembe zilizopasuka, kwa hiyo jicho halioni kosa lolote. Potasiamu ya nyongeza kutoka kwenye tyubu ya namna hiyo imewahi kututisha sisi na wodi nzima, hadi damu mpya ilipochukuliwa na kuonyesha kwamba mgonjwa hakuwa na tatizo.

Kwa sababu hiyo jedwali letu haliulizi tu damu ilitolewa saa ngapi. Linauliza ilizungushwa saa ngapi. Mahali ambapo umeme ni wa uhakika, saa hizo mbili hukaribiana na mtu anaweza kuridhika na moja. Kwetu umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, hukatika, jenereta huchelewa au hukosa mafuta, na mashine ya kuzungusha husimama huku tyubu zikisubiri kwenye rafu, chembe na seramu bado zimegusana. Tyubu mbili zilizochukuliwa wakati mmoja zinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa. Tuliamua kila tyubu iandikwe kwa kalamu isiyofutika saa ya kuzungushwa, kwa mtindo wa hati za hospitali, yaani 14h30, ili asiwepo wa kusoma saa nane akadhani ni ya usiku. Seramu inayotarajiwa kubaki huhamishiwa kwenye kichupa chake siku hiyohiyo. Ni kazi ya mikono inayoongeza dakika kadhaa kwa kila kundi la sampuli, na wenzangu waliilalamikia, lakini bila hiyo jedwali lingekuwa pambo la ukutani.

Si kila kipimo kina haraka ya namna hiyo. Kreatinini inayopima figo, protini ya CRP inayoonyesha uvimbe mwilini, homoni ya TSH inayohusu tezi ya shingo, na vipimo vingi vya kingamwili, pamoja na vya homa ya ini ya aina B, hustahimili siku kadhaa katika seramu iliyotenganishwa na kuwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Hemoglobini ya sukari, ile HbA1c inayoonyesha wastani wa sukari wa miezi iliyopita, hudumu wiki nzima kwenye tyubu ya zambarau. Bilirubini, ile rangi ya umanjano, ni mwoga wa mwanga: ikikaa karibu na dirisha hushuka, kwa hiyo ya watoto wachanga tunaifunika kwa karatasi ya fedha ya jikoni. Vipimo vya muda wa damu kuganda vina ukomo wake, saa 24 kwa kile cha prothrombini na saa 4 hivi kwa kile cha sefalini, na tukifika hapo hatujadili tena.

Kuna swali jingine ambalo nilichelewa kulitamka waziwazi, na siku hizi ndilo la kwanza ninalomuuliza daktari kwenye simu: je, unataka kumjua mgonjwa wa sasa au mgonjwa wa asubuhi? Kipimo cha nyongeza hakiwezi kusema lolote kuhusu saa hii. Mgonjwa aliyetundikiwa maji yenye sukari, aliyetapika, aliyepewa dawa ya kukojoza, amekuwa mtu mwingine tangu saa ile damu ilipotolewa. Muuguzi wa zamu aliwahi kunipigia na kuniuliza:

"Papa, mungali na damu ya yule mtoto wa kitanda cha nne? Anashtukashtuka, dokta anataka sukari yake."

"Mama, damu tunayo, lakini ni ya asubuhi. Mchome kidoleni hapo hapo, utaipata sukari yake ya sasa kabla sijafungua jokofu."

Hakukuwa na ubishi, na hakukuwa na kosa la yeyote. Ni kwamba ombi la nyongeza lilikuwa njia ndefu ya kupata jibu lisilomhusu mtoto yule kwa wakati ule.

Lakini kuna nyakati ambapo mgonjwa wa asubuhi ndiye hasa anayetafutwa, na hapo tyubu ya zamani huwa na thamani kuliko mpya. Mfano ulio wazi zaidi ni ugonjwa wa selimundu, ambao hapa wengi huujua kwa herufi mbili, SS. Mtoto huletwa usiku kutoka Katuba au Ruashi akiwa na malaria kali na hemoglobini imeporomoka. Huongezewa damu kabla ya mapambazuko, na ndivyo inavyopaswa. Asubuhi daktari wa watoto anamtazama vizuri, anaona macho ya manjano, anaambiwa vidole viliwahi kuvimba, na anauliza kama mtoto huyu ni SS. Tukichukua damu mpya, tutakuwa tunapima mchanganyiko wa damu yake na ya mtu aliyemchangia. Hemoglobini A ya mchangiaji itaonekana kwenye elektroforesi, kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme, na mtoto mgonjwa anaweza kufanana na mbebaji tu wa kinasaba. Itabidi asubiri takriban miezi mitatu ili chembe za kigeni ziishe, na miezi mitatu kwa familia ya namna hiyo ni muda wa kupotea kabisa.

Jibu lake liko kwenye tyubu ya zambarau ya usiku ule, iliyochukuliwa kabla ya mfuko wa kwanza kutundikwa. Kwa hiyo tyubu zote za kabla ya kuongezewa damu zina rafu yake peke yake, zinakaa siku saba, na haruhusiwi mtu kuzitupa kwa sababu jokofu limejaa. Kwenye damu hiyo tunaweza kufanya kipimo cha Emmel, kile cha kuzinyima chembe oksijeni na kutazama kwa hadubini kama zinajikunja, kisha elektroforesi inapopatikana. Nikiulizwa ni sehemu gani ya utaratibu huu iliyoleta manufaa makubwa zaidi, nitaitaja rafu hiyo kabla ya jedwali lenyewe.

Rafu hiyohiyo ina katazo lake: haitumiki kuanzisha ombi jipya la kulinganisha damu ya mgonjwa na ya mchangiaji. Kwa mgonjwa aliyeongezewa damu au aliyekuwa mjamzito katika miezi mitatu iliyopita, sampuli ya kulinganisha haipaswi kuzidi siku tatu, kwa kuwa kingamwili mpya zinaweza kuwa zimeota. Zaidi ya hayo, suala la utambulisho halina mchezo. Katika wodi moja wanaweza kulala akina Ilunga watatu na akina Kabwe wawili, na karatasi iliyoandikwa "Ilunga, kitanda 6" haina maana mara kitanda kinapobadilishwa. Ombi la nyongeza bila namba ya faili halipokelewi, hata likitoka kwa profesa.

Maji ya uti wa mgongo yanastahili kutajwa kwa sababu ndiyo sampuli ambayo watu huogopa zaidi kuichukua tena. Hapa tunajitahidi kusema ndiyo kadiri inavyowezekana. Antijeni ya kriptokoka, yaani alama ya kuvu inayoshambulia utando wa ubongo, inaweza kuongezwa bila shida kwenye maji yaliyobaki, na kwa mgonjwa wa VVU mwenye kichwa kinachouma kwa wiki kadhaa huwa ni nyongeza ya maana sana. Kuhesabu chembe ni jambo jingine; chembe nyeupe za aina ya nutrofili huanza kufa mara moja, na baada ya saa mbili katika joto la chumba zinaweza kubaki nusu. Basi hesabu isiyoombwa mwanzoni haiombwi baadaye. Kuotesha vijidudu kwenye tyubu iliyokwisha kufunguliwa na kupita mikononi kwetu hatukubali, kwa maji ya uti wala kwa damu.

Limebaki suala la pesa, ambalo vitabu vya maabara haviligusi. Hapa kwetu familia hulipa kwanza dirishani, huleta stakabadhi, ndipo kipimo hufanywa. Kipimo cha nyongeza ni malipo mapya, na ndugu anayemlinda mgonjwa huenda ana faranga za chakula tu hadi kaka arudi kutoka mgodini au sokoni. Saa za jedwali nazo hazimsubiri kaka. Tulikubaliana na uongozi kwamba vipimo vichache vya dharura vifanywe papo hapo na malipo yafuate, na orodha hiyo tuliipunguza kwa makusudi, kwa kuwa kila kitendanishi, yaani kemikali ya kupimia, kina gharama na kisipolipiwa mwezi huu hakitaagizwa mwezi ujao. Kwa vingine, tunaitenga seramu, tunaiweka kwenye jokofu, na tunamwandikia ndugu kwenye karatasi: inakubalika hadi saa fulani ya siku fulani. Naamini kumwambia mtu aende akatafute pesa bila kumwambia ana muda gani ni namna ya kumdanganya. Wapo waliorudi siku ya pili wakiwa na pesa kamili, wakaambiwa damu haifai tena, na hasira yao ilikuwa halali.

Simu zenyewe tulizitiisha kwa daftari moja. Anayepokea huandika namba ya faili, kipimo, jina la anayeomba, saa, na sampuli inayolengwa, kisha humsomea yote aliyeomba kabla ya kukata. Karatasi iliyosainiwa lazima ifike kabla ya mwisho wa zamu. Kwenye jibu huandikwa kwamba kipimo ni cha nyongeza pamoja na saa damu ilipotolewa, ili daktari wa zamu inayofuata asiyasome ya asubuhi kama ya jioni. Kiasi kikiwa kidogo, hasa kwa wachanga ambao damu yao ni nzito na hutoa seramu haba, hatuchagui wenyewe. Tunampigia daktari atuambie kipi kitangulie, maana mara nyingi kitafanyika kimoja tu.

Daftari hilo lilitufundisha jambo ambalo hatukulitafuta. Tukilisoma mwisho wa mwezi, tuliona nyongeza zilezile zikitoka wodi zilezile: kreatinini kutoka wodi ya wanaume siku moja baada ya kulazwa, bilirubini kutoka kwa wachanga kila Jumatatu. Hazikuwa dharura; zilikuwa vipimo vilivyosahauliwa kwenye karatasi ya kulazwa. Tulirekebisha karatasi kwa vipimo viwili au vitatu tu. Mwenzangu mmoja alitaka tuchapishe orodha ndefu ili kusiwe na kusahau kabisa, nami nilipinga, kwa sababu daktari aliyechoka akipewa visanduku ishirini ataweka alama kwenye vyote, na bili itamwangukia yuleyule anayelinda mgonjwa.

Hadi sasa hatujakubaliana kuhusu muda wa kutunza seramu za kawaida. Madaktari wa magonjwa ya ndani wanataka wiki mbili. Mimi nasema siku tano, kwa kuwa jokofu letu lililo kwenye laini ya jenereta ni moja, na seramu iliyopitia kukatika kwa umeme mara kadhaa ndani ya wiki mbili siwezi kuapa kwamba ilibaki kwenye nyuzi zake. Mkuu wa maabara ameagiza kipimajoto kinachorekodi usiku na mchana; kikifika, tutajadili tukiwa na namba mkononi.